Mursik ya Mtungi wa Plastiki

Mwenyekiti wa chama alikuwa anakuja ofisini kwetu Eldoret, na mimi, karani niliyetoka Kisumu, nikajitolea kuleta mursik, yale maziwa ya Wakalenjin yanayochachishwa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti maalum. Sikuwa nimewahi kuyaonja. Mama muuza maziwa sokoni aliniuliza kibuyu changu kiko wapi, nikampa mtungi mpya wa plastiki, akaujaza. Nikauacha juani siku tatu. Maziwa yalipoanza kunuka kama slipa mpya, nilidhani ndiyo yameiva.

Mwenyekiti alipofika, nilimletea kikombe kutoka jikoni. Mzee alionja, akakiweka mezani. Sikuelewa. Labda yamemkolea?

“Kijana, kibuyu chenyewe ulikipaka mkaa wa mti gani?”

“Mti wa kwetu, Mzee.”

Bosi wangu aliingia jikoni, akarudi ameshika mtungi wangu kwa vidole viwili.

“Mzee, mti wenyewe ni huu.”