Adabu ya Kufundishwa Ukunda

Hoteli moja ya Diani ilitaka mtu wa kupokea wageni wa Kihispania, ikatutia watu wa hapahapa darasani Ukunda. Kazi ile niliitaka kufa na kupona. Mwalimu wetu, kijana wa bara, alikuwa akiingia bila hata hamjambo, moja kwa moja ubaoni.

"Leo ni zile 'ningependa' na 'ungependa' za Kihispania," alisema siku moja. "Ndizo za adabu. Nyinyi watu wa pwani mtajifunza adabu hapa."

Adabu! Sisi!

Nikashika somo. Lenyewe jepesi: unalichukua neno zima, hablar, comer, vivir, hulikati popote, unalibandika mkia tu. Hablaría, ningezungumza. Comerías, ungekula. Viviríamos, tungeishi. Mkia hufuata mtu, si neno: ni ileile kwa maneno yote. Niliikariri nikikuna nazi kwenye mkahawa wa mama, Msambweni, mpaka mama naye akawa anaimba comería.

Siku ya mtihani akaletwa bibi mmoja wa Kihispania awe ndiye mgeni, nami nimuulize angependa kunywa nini. Sasa mtu katoka safari, namrukiaje na vinywaji? Nikamwuliza kwanza hali yake, safari, na nyumbani alikotoka kama ni wazima. Bibi uso ukamnawiri, akaanza kunisimulia wajukuu zake. Ndipo nikamwuliza, wala sikukosea: ¿Le gustaría tomar algo? Ungependa kunywa chochote?

Mwalimu alikuwa keshafunga kalamu. "Unampotezea mgeni wakati. Kazi hii huiwezi."

Kazi akapewa mwingine. Mpaka leo nikikumbuka naumwa na kichwa.

Juzi mwalimu yuleyule akaingia mkahawani kwetu, macho kwenye simu, akajitupa kitini. "Leta wali samaki. Haraka."

Nikatoka jikoni damu inanichemka, tayari kumtapikia mikia yote ya Kihispania. Mama, ambaye hakuwa akimjua, akanizuia kwa mkono. Akamwekea maji ya kunawa, akasimama pale, akamngoja. Kijana hakuinua hata uso.

"Marahaba, mwanangu," mama akamwambia.

Hapo akaacha simu. "Sijasema kitu, mama."

"Najua, baba. Nawa, chakula kinakuja."