Nyota ya Daku

Kile kikundi cha nyota kiitwacho Kilimia kilipewa jina na wakulima, kwa sababu kikionekana walijua wakati wa kushika jembe umefika. Zuhura tumeipata kwa Waarabu. Nyota ya Daku aliipa jina mama yangu, juu ya dungu letu huko Chumbi, na nje ya nyumba yetu hakuna aliyewahi kuijua kwa jina hilo.

Dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, katikati ya shamba. Tulihamia humo kulinda mpunga, mchana tukifukuza ndege, usiku tukigonga madebe ili nguruwe wasiingie. Mwaka ule Ramadhani iliangukia msimu huo. Saa hatukuwa nayo, na msikiti ulikuwa mbali. Usiku wa kwanza mama alinitikisa bega, akanionyesha nyota nyeupe iliyosimama sawasawa juu ya kichwa cha mvumo, ule mti mrefu wa jamii ya mnazi, upande wa mashariki.

"Amka mwanangu, ule. Nyota ya Daku imefika."

Tukala kiporo cha wali na samaki mkavu, miguu ikining'inia, maji ya mto yamejaa chini yetu. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile, na nimekula harusi nyingi. Kadiri mwezi ulivyoendelea, mama aliiacha nyota ipande zaidi kabla ya kuniamsha. Hilo sikulitia maanani. Nilichoshika mimi akilini ni kichwa cha mvumo.

Ramadhani iliyofuata nilifunga kwa bibi, kijijini Mtunda. Ya tatu nikarudi dunguni, nikamkuta mama ana homa.

"Mama, lala," nilimwambia. "Mimi nitaiangalia nyota."

Nikakaa macho. Nyota ilichelewa kutoka, na ilipotoka ikawa chini kabisa, kwenye matete. Mdogo wangu akasema anaona kama usiku umekwisha. Nikamwambia anyamaze, yeye na nyota nani anajua zaidi? Mimi ni mbishi tangu kuzaliwa. Tukaendelea kungoja ifike kichwani kwa mvumo, mpaka upepo ukatuletea adhana ya alfajiri. Mama alikuwa bado amelala, wali umefunikwa pale pale.

Alikuwa na ruhusa ya kula, mgonjwa hajalazimishwa. Alikataa. Alishinda akipalilia na njaa yake, na mimi nikapalilia mstari wa pili nikimtazama mgongo. Ningependa anigombeze. Hakunigombeza.

Jioni, alipokwisha kufuturu, alisema: "Nyota haikukosea. Ramadhani ndiyo inayorudi nyuma kila mwaka, na nyota haina habari hiyo."

"Basi tuibadilishe jina."

"Iache na jina lake. Ramadhani itazunguka misimu yote, kama miaka thelathini hivi, mpaka ifike tena hapa, na nyota itarudi kazini. Utakuwa umeota mvi. Tukijaliwa, tutakula wote chini yake."

Nilishika ahadi hiyo kuliko ahadi yoyote niliyopewa na mwanamume. Niliolewa Kibiti, karibu na barabara kuu, ambako taa hazizimwi na simu ndiyo inayoamsha watu daku. Kila mwezi wa Ramadhani ulipoandama nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nyota yetu imefika wapi?"

"Bado iko likizo, mama."

Alicheka kicheko kile kile kila mwaka. Ramadhani ikapita kwenye kiangazi, ikapita kwenye vuli, ikapita kwenye mavuno. Mwaka jana nilihesabu nikaona imebaki moja tu. Mama alifariki mwezi wa Rajabu. Unaofuata ni Shaaban, kisha Ramadhani.

Usiku wa kuamkia mfungo wa kwanza nilikwenda Chumbi peke yangu. Mdogo wangu ndiye anayelima shamba sasa, na dungu amelijenga upya mahali pale pale. Aliniachia usiku huo bila kuuliza. Mvumo bado upo.

Niliipima nyota kwa simu, kuna programu inayoonyesha majina. Ikaniambia jina la Kiarabu, la ndege anayeruka. Nikacheka peke yangu, sisi tuliokuwa tukifukuza ndege kutwa. Ni jina zuri na dunia nzima inalijua. Lile la mama tumebaki nalo mimi na mdogo wangu, na yeye hulisahau.

Ilipanda polepole, ikaachana na matete, ikafika kichwani kwa mvumo, ikasimama. Haikukosea hata kidogo. Nilifunua wali. Nilikuwa nimeupika wa watu wawili, na sitasema nilipitiwa, nilijua nilichokuwa nikifanya.

Kisha nikasema kwa sauti, kwa kuwa ni lazima mtu aseme: "Amka mwanangu, ule. Nyota ya Daku imefika."

"Abee mama," nikaitika, nikala.