Kuzamia Kabla ya Giza

Maradhi ya mume wangu yalianzia pembeni mwa macho. Alianza kuangusha vikombe vya chai vilivyowekwa ubavuni mwake, kisha akawa anajikwaa kwenye viti vya nyumbani kwake mwenyewe, na jua likizama ilibidi nimwongoze hadi chooni. Daktari wa macho alituambia kuwa ni ugonjwa wa kurithi, dawa hauna, na kwamba amebakiwa na tundu dogo la katikati la kuonea, nalo litaziba. Tulipotoka nje alisimama langoni akashika mkono wangu.

"Mke wangu," alisema, "kabla halijaziba, nataka nikaone chini ya bahari."

Alizaliwa Bagamoyo, mji wa kale, katika ukoo wa manahodha. Lakini baba yake alipotelea majini, na tangu hapo mama yake hakutaka hata amwone akiloweka miguu ufukweni. Mume wangu alipokua akahamia Dodoma, akawa fundi wa televisheni. Mimi ni mtoto wa Kiwangwa, wa mashamba ya mananasi. Maji mengi niliyoyazoea ni ya pipa.

Tukachukua likizo, tukashukia hoteli moja kaskazini mwa mji, yenye mwalimu wa kuzamia. Alikuwa kijana mwenye adabu, akitupa shikamoo kila asubuhi. Alimsikiliza mume wangu mpaka mwisho, akampigia daktari wetu simu, kisha akatukalisha.

"Baba, daktari anasema unaweza kwenda kina kifupi," alisema. "Ila mimi naongoza mbele. Lazima awepo mtu wa kukushika mkono muda wote, na huyo mtu naye awe amejifunza."

Wote wawili wakanigeukia.

Mafunzo yalianzia kwenye bwawa la hoteli. Nilivaa suti nyeusi ya mpira, nikafunga kichwa kwa kitambaa, nikabebeshwa mtungi wa hewa mgongoni na mkanda wa vipande vya madini ya risasi kiunoni, vya kunizamisha. Kupumua kwa mdomo nilikuweza. Kilichonishinda ni miwani ya kuzamia, ile inayofunika macho na pua. Mwalimu alitaka niiachie ijae maji nikiwa chini, kisha niyatoe kwa kupuliza hewa puani. Kila maji yalipogusa pua yangu, akili ilinitoka. Nilivuta maji, nikakurupuka juu nikikohoa, nikashika ukingo wa bwawa kama mtu anayenyang'anywa roho.

"Tena, mama," mwalimu alisema kwa upole. "Taratibu."

Nilirudia, nikashindwa. Nikarudia tena, nikatapika chai yote ya asubuhi kwenye majani. Mume wangu, aliyeyaweza yote siku ya kwanza, alikuwa amekaa kwenye ngazi za bwawa akigeuza kichwa huku na huku, akinitafuta kwa lile tundu lake. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake na bado hakuniona.

"Basi tuache," alisema chumbani. "Usije ukafa kwa sababu yangu."

"Na mwakani utaonea nini?"

Aligeukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumsikia akilia. Nikatoka nje kwa sababu sikujua niweke wapi mikono yangu.

Alfajiri nilimfuata mwalimu, nikamwomba anirudishe majini wageni wengine wakiwa bado wamelala. Nilipiga magoti chini ya bwawa, nikaiachia miwani ijae, nikafumba macho. Nilisoma kimoyomoyo kila dua niliyofundishwa utotoni chuo cha Kurani, nikapuliza kwa pua. Maji yakatoka. Nilipofumbua macho, mwalimu alikuwa ananionyesha kidole gumba na cha shahada vikiwa vimeungana duara, maana yake ni sawa. Sikufurahi. Nilijua tu kwamba sasa sina kisingizio.

Hata hivyo bahari haikutaka. Mvua zilikuwa zimenyesha bara, Mto Ruvu ukamwaga matope, na maji mbele ya hoteli yakawa rangi ya chai ya maziwa. Tulingoja. Likizo ilikuwa inakwisha, na mume wangu alikuwa akisimama barazani akifunika jicho moja, kisha jingine, akijipima. Hatimaye mwalimu akasema tujaribu mwamba ulio mbali zaidi, mbele ya Mbegani, huenda huko maji yamesafika.

Yalikuwa yamesafika. Tulishuka taratibu kwa kamba ya nanga, mwalimu mbele, mimi nikiwa nimemshika mume wangu mkono wa kushoto. Masikio yaliniuma. Moyo ulikuwa ukinipiga mpaka nikausikia kwenye ule mpira wa kupumulia mdomoni. Tulipofika chini nilitazama upande mmoja nikaona matumbawe, na samaki wa manjano wakipita kwa pamoja. Nikamgeukia ili nimwonyeshe.

Alikuwa anatazama patupu. Kichwa kilikuwa kinakwenda huku na huku, haraka haraka, kama siku ile kwenye ngazi za bwawa. Wingu lilikuwa limefunika jua, na kule chini mwanga ulikuwa wa jioni. Mwanga wa jioni ulikuwa umekwisha kumkataa siku nyingi. Hakuna kati yetu aliyelifikiria hilo.

Nilishika uso wake kwa mikono miwili nikaugeuza kuelekea wale samaki. Akatikisa kichwa. Nikaugeuza tena. Macho yake nyuma ya kioo yalikuwa wazi kabisa, makubwa, na hayakuwa na kitu. Ghafla akajivuta kutoka mikononi mwangu, akaanza kupiga miguu kwenda juu.

Tulikuwa tumefundishwa kwamba anayepanda kwa pupa huku amebana pumzi anaweza kupasua mapafu. Nilimdaka mguu. Alinipiga teke, miwani yangu ikajaa maji, na bado sikumwachia. Mwalimu alifika, akamkamata kifuani, akamshikilia uso kwa uso mpaka mume wangu akaanza kupumua vizuri. Tukapanda polepole, sisi watatu tumeshikana.

Ndani ya boti alikaa amejifunika taulo.

"Giza tupu," alisema. Kisha akauliza, "Wewe umeona nini?"

Nikamweleza samaki wa manjano. Nikamweleza matumbawe. Maneno yakaniishia, kwa kuwa muda uliobaki nilikuwa ninamtazama yeye.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, bwana."

Kesho yake jua liliwaka, akamwomba mwalimu amrudishe. Mimi pia nilimwomba, nikamwita mwanangu, nikakaribia kupiga magoti. Kijana yule aliinamisha kichwa. "Mnisamehe, wazazi wangu. Jana ningeweza kumpoteza baba. Siwezi."

Tulirudi Dodoma kabla ya likizo kwisha. Njia nzima mume wangu alikaa upande wa dirishani, na tulipopita Chalinze aliniomba tubadilishane viti. Alisema jua linamuumiza. Sasa lile tundu limeziba; anachokiona ni mwanga tu wa mlango ukifunguliwa. Hunijua kwa hatua zangu, na akizisikia huuliza, "Ni wewe?" Nami hujibu, "Ni mimi," kisha nakwenda kukaa pale mkono wake unapofika.