Kikombe cha Kubat

Kwa miaka kumi na tisa Bubusara alikuwa mwuguzi pekee wa kijiji kimoja cha wafugaji milimani, juu ya mto Naryn, na hakuna kilichomtia kinyaa kama harufu ya vodka kinywani mwa mgonjwa. Mchana mmoja wa baridi ilimpokea mlangoni alikoitwa.

Toktosun, mchunga farasi, alikuwa ameokotwa kwenye theluji akiwa hajitambui vizuri. Kaka zake wawili walimlaza mbele ya jiko. Sheishen alimsugua miguu kwa theluji. Kubat alimmiminia vodka. Nusu yake ilikuwa ndevuni, imechanganyika na matapishi.

"Tazama mashavu, dada," Kubat alijigamba. "Yameiva kama tufaha. Damu imerudi."

"Imerudi wapi? Baridi ilipomkamata, mwili uliibana mishipa ya ngozi, damu ikabaki ndani kulinda moyo na ubongo. Wewe umeifungua kwa pombe. Sasa damu inatoka na joto lake, inapoa kwenye ngozi, inarudi moyoni ikiwa baridi. Wekundu huo ni joto linalomtoka."

"Babu alikunywa hii hii, akafika miaka tisini."

"Basi mshukuru Mungu kwamba si wewe uliyemhudumia. Weka chupa chini. Na wewe, Sheishen, acha hiyo miguu. Unaurudishia moyo damu ya barafu."

Kipimajoto kilionyesha nyuzi thelathini na moja badala ya thelathini na saba. Moyo ulipiga polepole mno, kisha ukaruka pigo moja. Bubusara alimvua nguo zilizolowa, akampanguza matapishi kwa mkono wake mwenyewe, akayatia ndooni, akamfunika mablanketi na kumwekea kwapani na kifuani chupa za maji moto zilizofungwa vitambaa. Miguu hakuigusa. Akakaa akihesabu mapigo.

Saa kumi na moja jioni Toktosun akaanza kutetemeka. Bubusara akashusha pumzi: misuli ilikuwa imeanza tena kutengeneza joto. Baadaye kidogo mgonjwa akamuulizia farasi wake.

Kubat akajaza kikombe. "Nilisema mimi. Vodka imefanya kazi yake. Kunywa, dada."

Pale kijijini, kukataa kikombe cha shukrani ni kuitemea nyumba mate. Bubusara alikipokea kwa mikono miwili kama ilivyo ada, akakimwaga chote kwenye ndoo ya matapishi.

"Mgonjwa asionje hata tone," alisema. "Asubuhi nitakuja kumnusa kinywa. Nanyi pia."