Nyasi Zisizokanyagwa

Juzi mpwa wangu alinionyesha kwenye simu mji mmoja wa kale wa chuo kule Uingereza, nikakumbuka alasiri ambayo babake, kaka yangu Wafula tuliyemzika majuzi, alikuwa akifunga sanduku nyumbani kwetu mtaa wa Umoja aende kusoma huko. Nyumba ilinukia chapati, na nje cherehani ya jirani ilinguruma. Nilifungua kijitabu alichotumiwa: minara, kuta za mawe meusi, na katikati ya majengo nyasi safi ambazo hakuna aliyezikanyaga. Kwetu Bungoma tunazika nyumbani, na juu ya kaburi hatukanyagi. Nikaanza kulia.

“Kaka, usiende! Utakanyaga wafu wao!”

Mama alicheka hadi chapati ikaungua. “We mtoto, Wazungu wanazika kanisani!”

Wafula hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu. “Nitazunguka,” aliniambia.

Siku hizi najua kwamba nyasi zile ni za walimu tu, na mwanafunzi lazima azunguke. Lakini barua yake ya kwanza aliiandika kwa herufi kubwa, niweze kuisoma mwenyewe: “Nimefika. Nazunguka kila siku. Wazee wa hapa wamelala salama.”