Almasi Niliyoipeleka Sapiwi

Miaka ile ya soko huria, wanunuzi wa madini walifika hadi vijijini kwetu. Nami nilirudi Sapiwi likizo kutoka masomoni ng'ambo, nikatamka neno almasi mbele ya baba mdogo.

Ndani ya kisanduku nilikuwa na vipande vinne vya silikoni, kila kimoja kidogo kuliko ukucha, vimepakwa utando mwembamba wa almasi. Nilitaka baba aione kazi yangu. Viwili uso wake ulikuwa umetibiwa kwa oksijeni, viwili kwa hidrojeni. Nikadondosha maji. Kwenye vya oksijeni yakatandaa; kwenye vya hidrojeni yakasimama kama shanga.

"Protini za damu nazo hivyo hivyo, baba. Uso ukibadilika, zinazonata juu yake zinabadilika. Tukilielewa hilo, tutapata vali bandia ya moyo isiyogandisha damu."

Baba aliinama akayatazama matone kwa muda mrefu. Baba mdogo alikuwa akinitazama mimi.

"Damu ya nani?" akauliza.

"Ya hospitali. Watu wanajitolea."

"Almasi na damu," akasema. "Halafu unatuambia ni shule."

Kesho yake kisanduku hakikuwepo. Nilimkuta baba mdogo mjini Bariadi, kwenye duka la dalali. Vipande vitatu vilikuwa vimeshavunjwa kwa koleo.

"Hii ni takataka ya redio," dalali akasema.

Baba mdogo akanigeukia. "Umebadilisha. Zile zenyewe umeficha."

Nikamwita mwizi, mbele ya wateja. Sikuwahi kumtolea mkubwa wangu neno kama lile, na mpaka leo sijalijutia.

Nyumbani aliwaambia ndugu kwamba natajirika kwa damu za watu. Shangazi zangu wakaanza kuwavuta watoto wao nikipita. Nilimngoja baba anitetee; alikuwa ameyaona yale matone kwa macho yake. Akachukua jembe akaenda shambani. Siku ya kuondoka nilimsalimia baba mdogo kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba." Akatema mate pembeni.

Maabarani ng'ambo nilianza upya: kupaka, kutibu, kupima. Ilinichukua miezi.

Baba alipofariki nilirudi. Baba mdogo, aliyesimamia msiba, aliagiza nikae upande wa wageni. Nikakaa huko. Tulimzika baba bila kusemezana, na jioni ile ile nikapanda basi la Mwanza.