Dumu la Shangazi Kokutona

Jumamosi iliyopita nilifungua mlango wa stoo nikapokewa na harufu ya ndizi mbivu na hamira, tamu yenye uchachu unaofika mpaka kwenye taya. Ni dumu langu la divai. Nimeanza kujifunza kazi hii uzeeni. Niliinama kulitazama nikakuta divai ina ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Sebuleni binti yangu wa mwisho alikuwa anapekua makabati akitafuta vyeti vyake vya shule, vya kupeleka kwenye kazi mpya aliyoipata Mtwara. Nilikaa juu ya gunia la mkaa, nikamkumbuka bibi yangu.

Nilikuwa darasa la nne. Wazazi wangu walifanya kazi Mwanza, nami nililelewa kijijini Kashozi, kwenye kibanja cha migomba alichotuachia marehemu babu. Nyumba ilikuwa na wanawake watatu, nikijihesabu na mimi, na nilikuwa najihesabu kwelikweli. Alikuwepo Bibi, na alikuwepo Shangazi Kokutona, kitinda mimba wake, aliyerudi kutoka Muleba baada ya ndoa kumshinda. Alirudi na sanduku moja. Bibi hakumuuliza kitu. Alimtengea nafasi kitandani kwangu na kumpikia ndizi kwa maharage. Mimi nilifurahi, maana Shangazi alijua hadithi nyingi na alinukia sabuni nzuri.

Bibi alikuwa fundi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi na mtama. Rubisi yake haikunyweka ikiwa imetulia. Kabla ya kumimina, kibuyu kilitikiswa mpaka machicha yapande, na kazi hiyo ilikuwa yangu. "Pombe isiyotikiswa imelala," Bibi alisema, "na mgeni hapewi kitu kilicholala."

Shangazi alitaka kitu kingine. Alihudhuria semina ya akina mama parokiani akafundishwa kutengeneza divai nyeupe ya ndizi. Mwalimu wao aliwaambia kwamba divai iliyotakata ukiiweka kwenye glasi na kitabu nyuma yake, unasoma bila shida. Mama mmoja mwenye mgahawa Bukoba mjini alimwahidi kwamba akimpelekea divai ya namna hiyo, atakuwa mteja wake. Shangazi akaenda Kahororo, pembeni ya mji, kutazama chumba cha kupanga, akarudi akitusimulia habari za dirisha lake tu. Mambo yalikuwa wazi kwetu sote. Divai ikitakata, anahama. Isipotakata, anabaki kupalilia migomba pamoja nasi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, waitu," yaani mpendwa wetu, akaendelea kumenya ndizi.

Divai ilichacha, ikachujwa, ikatiwa kwenye dumu jeupe la lita kumi. Shangazi alipiga ute wa yai na chumvi kidogo, akautia humo ili uzoe uchafu na kushuka nao chini. Baada ya hapo ilikuwa ni kungoja. Kila Jumapili tukitoka misani alivuta glasi moja ya divai kwa mpira mwembamba, nami, nshomile wa nyumba, yaani msomi wao, nikaweka kitabu changu cha shule nyuma yake.

"Soma."

"Shangazi, sioni hata picha."

Ikapita Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Shangazi alianza kukonda. Nilimwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, naye akanijibu subira yavuta heri, lakini sauti yake haikuwa na heri yoyote. Nami nakiri leo kwamba moyoni nilifurahi. Sikutaka aondoke.

Siku moja walimu walikuwa na kikao, tukaruhusiwa mapema. Shangazi alikuwa amekwenda Kemondo kununua dagaa. Nilipoingia chumba cha ndani nilimkuta Bibi amepiga magoti, kalikumbatia lile dumu kwa mikono miwili, analitikisa, kitenge kimemdondoka begani. Alishtuka aliponiona.

"Naiamsha," alisema. "Imelala mno. Itakufa."

Nilimwelewa kabisa. Si nilikuwa mtikisaji wa nyumba? Nikaweka mkoba chini, nikashika upande wa pili, tukatikisa pamoja mpaka povu likapanda.

Shangazi aliporudi nilimkimbilia na habari njema. "Mimi na Bibi tumekuamshia divai yako!"

Aliacha kuchambua dagaa. Alitazama jikoni, ambako Bibi alikuwa anapuliza moto. Nilipouona uso wake nikangoja ugomvi. Badala yake alinawa mikono, akaenda kupiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, divai imenishinda kuitunza. Naomba uitunze wewe. Chumba kile asiingie mtu."

Bibi hakugeuka. "Unaniachia mimi?"

"Nitamwachia nani mwingine, waitu?"

Kesho yake chumba kilifungwa, na ufunguo ukafungwa kwenye pindo la kitenge cha Bibi. Hata ufagio sikuruhusiwa kuufuata humo. Jumapili ya tatu baada ya hapo, Shangazi alivuta glasi. Niliweka kitabu, nikasoma sentensi nzima hadi nukta, nikageuza ukurasa nikasoma na mwingine. Shangazi alilia. Bibi alichukua ile glasi, akaonja, akakunja uso. "Kasinge, mwanangu, hongera. Lakini haya ni maji ya kanisani." Kisha akaonja tena.

Siku ya safari nilitaka kubeba dumu kichwani, Bibi akanikatalia. Alilibeba mwenyewe kifuani, kutoka nyumbani hadi barabarani, akizunguka kila shimo, akinifokea nisimguse. Alitembea kama aliyebeba mtoto aliyelala. Gari lilipofika alimwambia kondakta, "Kijana, hii usiiweke juu. Haitaki kutikiswa."

Kwa miaka mingi nimesimulia kisa hiki kuchekesha watu: bibi yangu mtu wa rubisi, asiyejua divai. Nilicheka nao. Jumamosi ile, juu ya gunia la mkaa, ndipo nilipomwona tena akitembea barabarani na lile dumu, nikaacha kucheka. Mwanamke aliyechuja pombe maisha yake yote hakuhitaji semina ili ajue kitu kinachotikiswa hakitulii. Alijua tangu siku ya kwanza. Na Shangazi alijua kwamba anajua, ndiyo maana hakumgombeza. Alimpigia magoti na kumwomba ruhusa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Mama," binti yangu aliita kutoka sebuleni, "una hakika hukuviona? Kule Mtwara wanavitaka Jumatatu."

Niliinuka, nikaenda chumbani kwangu, nikainua godoro, nikampelekea vyeti vyake.